Nyanya alipima kwa finjani, sisi twapima kwa chupa ya soda (uzi wa miti shamba)

MwanaKibokoni:

Assalam aleikum wapwani na wageni wetu. Huu uzi nimeuchelewesha wiki mbili nzima kwa sababu nilikuwa bado nna hasira na sikutaka kuandika na hasira, leo nimetulia kidogo.

Jumanne moja jioni nilikuwa kwenye feri na shangazi yangu, twavuka kwenda Likoni, yeye akaa Mtongwe. Mwajua saa kumi na mbili inavyokuwa pale, watu wamebanana, joto, mikokoteni, pikipiki zanguruma. Shangazi ana ugonjwa wa sukari mwaka wa tisa huu, ameza vidonge asubuhi na jioni na siku zote huwa hana neno. Feri haijafika kati nkaona amenishika mkono kwa nguvu, ule mkono wake baridi na umelowa jasho, mimi nkadhani ni joto tu la watu. Namuuliza shangazi vipi, maneno anayonijibu hayashikani, mara aniita kwa jina la marehemu babangu, mara aniambia nifunge dirisha na pale tulipokuwa hapana dirisha. Midomo yatetemeka. Kando yetu palikuwa na mama mmoja wa buibui na mwanawe wa skuli, akamwangalia mara moja tu akaniuliza, "Ana sukari huyu?" Nkamwambia ndio. Akachukua pakiti ya juisi mkononi mwa mtoto wake, mtoto alia, akatoboa akamnywesha shangazi kidogo kidogo huku amemshika kidevu. Sijui jina lake na sikuwahi hata kumshukuru sawasawa, kama uko humu mama Mungu akulipe kheri. Tuliposhuka ng'ambo shangazi alikuwa ashanijua mimi ni nani.

Nkampeleka zahanati moja karibu. Kipimo kikasoma 3.4, na hapo ni baada ya juisi yote ile kuisha. Nesi akatueleza mtu wa sukari akiwa chini ya 4 ashaingia hatarini. Kisha akamuuliza, leo umekula nini na umekunywa nini zaidi ya dawa zako? Shangazi akajibu, "Maji tu."

Pochi yake nimeishika mimi na nahisi ni nzito. Nkaifungua pale pale. Chupa ya soda ya nusu lita, ndani mna maji ya kijani mazito yamebaki kama vidole viwili, shingoni mwa chupa kumenata vipande vya majani. Mwarobaini na karela, ile mboga chungu, vimesagwa pamoja kwa blenda. Shangazi akatizama chini hakusema kitu.

Kumbe ilikuwa siku ya nne hiyo. Nusu lita kila siku, na asubuhi hali kitu kwa sababu kwenye grupu moja la WhatsApp wameambiwa hiyo dawa hunywewa tumbo tupu ndio ifanye kazi. Na vidonge vyake vya hospitali akavimeza kama kawaida. Sasa mwaniuliza kwa nini akamwambia nesi ni maji tu? Kwa sababu miaka ya nyuma alimwambia daktari mmoja kwamba anywa majani ya mzambarau, yule daktari akamgombeza mbele ya watu kwenye foleni, ati aachane na ushirikina. Tangu siku hiyo hasemi tena.

Sijaja hapa kusema miti shamba ni mibaya, nataka hili lieleweke mwanzo kabisa. Mimi nimelelewa na mwarobaini. Mwaka niliopata tetekuwanga nilikuwa darasa la tatu, nyanya akamtuma ami yangu akakate matawi, akayachemsha kwenye lile sufuria kubwa la pilau ya harusi, akaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu ndio nkaogeshwa, na matawi mengine mabichi akayatandika chini ya shuka nilalie. Ukijikuna akugonga mkono kidogo na kitawi. Ule usiku wa kwanza ndio nilipata usingizi.

Lakini sikilizeni. Nyanya hakuwahi kumpa mtu mwarobaini kwa chupa. Alikuwa na finjani moja ya kahawa, nyeupe ina mstari wa bluu, imevunjika kidogo ukingoni, na hiyo ilikuwa ya dawa tu, haikunywewa kahawa. Mtu mzima finjani moja, mtoto wa skuli nusu, mtoto mdogo hapewi kunywa kabisa, yeye huogeshwa tu. Lazima uwe umeshakula, hata kama ni kipande cha boflo. Siku tatu. Ya nne hupewi hata ulie. Mwenye mimba hakaribishwi. Na kabla hajakumiminia anakuuliza kama kuna dawa nyingine umemeza, akiwa hakuamini amuuliza mamako.

Majina ya miti kila mtu anayo, ukiingia TikTok utapata miti mia. Finjani ndio imepotea. Kwa hivyo naomba aliye na zile kanuni za wazee, kiasi gani, siku ngapi, nani asinywe, aziandike hapa.

DadaWaMtwapa:

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa shangazi. Mwili umenisisimka kwa sababu mamangu pia ana chupa kama hiyo kwa friji na mimi ndo nimemnunulia hiyo karela Kongowea wallahi. Kesho namuuliza ameza vidonge gani. Sisi kwetu zaidi ni majani ya mpera tukiharisha, unachukua yale machanga ya juu, unachemsha, kikombe kimoja cha chai asubuhi na jioni, na yakaza kweli. Lakini siku hapo sijui, mama hutupa mpaka mtu apone.

MajiYaShubiri:

Mimi ntasema ukweli hata kama mtanichukia. Hizo dawa za hospitali ndio zinaua watu, ni kemikali tupu, figo zinaisha. Miti shamba ni kitu cha asili Mungu ametuumbia, haina madhara. Shangazi yako pengine alizidiwa na vile vidonge sio mwarobaini. Wazee wetu waliishi miaka mia na hawakujua hospitali.

MwanaKibokoni:

@MajiYaShubiri sikuchukii hata kidogo, na hapo kwa vidonge umekaribia kitu, ngoja wenye ujuzi waje. Lakini hilo la "haina madhara" siwezi kuliacha lipite. Wewe mwenyewe umejiita shubiri. Ule utomvu wa manjano unaotoka ukikata jani la shubiri ni dawa ya kuendesha na inaendesha kweli, ukizidisha utashinda chooni mpaka miguu iishe nguvu, na kila mzee wa hapa ajua kuwa mwenye mimba hapewi. Ule ute mweupe wa ndani ndio wa kupaka ukiungua. Jani moja, vitu viwili tofauti, na asiyejua tofauti atamdhuru mtu. Tena urukususu, ile mizizi mitamu watu hutafuna na kutia kwenye chai wakiwa na kikohozi, ukiinywa kila siku kwa wiki kadhaa yapandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Mtu ana presha, anakunywa chai ya urukususu kila asubuhi, kisha alalamika dawa ya presha haifanyi kazi. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru, hakijui kuwa kimetoka shambani ama kiwandani.

DirishaLaDawa:

Nipo nyuma ya dirisha la kemisti hapa mjini miaka 14 sasa. Nisikilizeni kwa hili la shangazi maana nimeliona zaidi ya mara moja.

Vidonge vya sukari wanavyopewa sana watu wetu ni vya namna mbili. Kuna metformini, hiyo ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari mpaka mtu akatetemeka. Halafu kuna jamii ya glibenklamaidi, hizo zinalisukuma kongosho litoe insulini ukila usile. Mtu wa hizi za pili akiruka mlo tu ashaingia hatarini. Sasa juu yake ongeza karela, ambayo nayo hushusha sukari, ongeza mwarobaini, ambao nao hushusha, kisha mwambie asile asubuhi. Vitu vitatu vyavuta kamba upande mmoja na hakuna anayezuia. Kwa hivyo @MajiYaShubiri vidonge vimo ndiyo, na majani yamo, na njaa imo. Kosa ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyejua vyote vitatu viko ndani ya tumbo moja.

Na kuhusu kemikali, hiyo metformini yenyewe mnayoiita ya mzungu chanzo chake ni utafiti wa mmea wa Ulaya unaoitwa galega, watu wa huko waliutumia zamani kwa wagonjwa wanaokojoa sana. Kwinini ilitolewa kwenye gamba la mti wa Amerika Kusini, mwaka 1820. Hospitali na shamba ni jamaa wa damu.

Linalonikosesha usingizi mimi ni lile unga linalouzwa kwenye mikebe isiyo na jina, hasa dawa ya maungo na dawa ya nguvu za kiume. Mzee anakuja kuniambia, mwanangu nimepata dawa ya magoti ya miti shamba, usiku mmoja tu nimeamka natembea. Namtazama usoni, mashavu yamejaa, uso umekuwa duara kama sahani, ngozi ya mikono imekuwa nyembamba yachubuka ovyo. Hiyo kwa kawaida ni dawa ya steroidi, ile dawa kali ya hospitali ya kutuliza uvimbe, imesagwa ikachanganywa na unga wa majani. Mizizi haimwamshi mtu magoti yakiwa mapya kwa usiku mmoja. Na hizi steroidi zapandisha sukari na presha, na ukiziacha ghafla baada ya muda mrefu unaweza kuzimia. Zile za nguvu za kiume ni vivyo hivyo, nyingine zimetiwa vidonge vya hospitali, na mzee anayetumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi akizichanganya presha yashuka mpaka chini kabisa. Ukitaka miti shamba nunua jani lenyewe, gamba lenyewe, mzizi wenyewe, ulione kwa macho ukasage kwako. Unga usinunue.

Jambo jingine dogo, balungi. Kuna dawa za kolesteroli haziendani na balungi, mwili washindwa kuzivunja na zinajazana kwenye damu. Tunda la mezani tu hilo. Kwa hivyo mtu akija dirishani nikimuuliza "unatumia miti shamba gani" nataka kujua kabla sijampa mkononi, asidhani namdharau.

Bajuni_wa_Mjini:

Haba soda, zile mbegu nyeusi, je? Sisi ni Waislamu na twajua Mtume alisema ni dawa ya kila ugonjwa ila mauti. Hapo msitupinge.

DirishaLaDawa:

Sipingi ndugu yangu hata mimi nnayo nyumbani. Lakini mbegu ni ile ile, na anayeila ana hali yake. Kijiko kidogo cha mbegu na asali hakimsumbui mtu mzima wa afya. Mwenye vidonge vya sukari au vya presha ajue nayo pia yashusha kidogo, na kama umepangiwa upasuaji mwambie daktari mapema, pamoja na kitunguu thomu ukiwa wakila kwa wingi kama dawa, maana yaweza kuzidisha kutoka damu. Na wanaomeza wafarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, ndio wasithubutu kuongeza kitu bila kusema.

MkungaMstaafu:

Salaam wanangu. Mjukuu wangu amenisomea huu uzi mpaka huku chini na nimemwambia aniandikie.

MwanaKibokoni nyanya yako alikuwa mtu wa kazi. Sisi tuliofunzwa zamani tulifunzwa kwanza nani hapewi, kisha ndio tukafunzwa dawa. Siku hizi mtu anafunzwa dawa tu, tena na mtu asiyemjua.

Ntawaambia ya mzazi kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Mwanamke akishajifungua, zile siku arobaini, alikandwa na maji ya moto, akapikiwa mchuzi wa pilipili manga, uji wa pilipili manga, na uwatu kwa ajili ya maziwa. Uwatu ni kijiko kimoja kidogo cha chai, uroweke usiku, maji ya kwanza umwage, asubuhi utie kwenye uji. Kimoja. Siku hizi naona wanatia mkono mzima, mzazi anaharisha na mtoto naye tumbo lamsokota. Na mwenye mimba hapati uwatu wa namna hiyo hata kidogo, ule wa kutia kwenye achari kidogo hauna neno. Mzazi mwenye sukari apimwe kwanza.

Dawa za kuongeza uchungu mwanamke akiwa na mimba ya miezi tisa nawaomba kwa jina la Mungu muache. Nimeona kizazi kimepasuka. Sitaeleza zaidi ya hapo. Uchungu unaokuja wenyewe una mwendo wake, ule wa kulazimishwa na chai nzito hapana anayejua utakwenda kasi gani, na ukishamiminika hauwezi kuurudisha ndani ya kikombe.

Mtoto mchanga miezi sita ni ziwa la mamake. Mvuje umfunge mkononi kwenye kitambaa sina ugomvi na wewe, lakini usimlambishe. Na mafuta ya mwarobaini, sijui nani ameleta hii habari ya kuwanywesha watoto wakiwa na mafua...

DirishaLaDawa:

Samahani mama nakukatiza, shikamoo. Hapo kwa mafuta ya mwarobaini naomba kila mzazi asome. Madaktari wa India na Malaysia waliandika kuhusu watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kwa mdomo, walitapika, wakasinzia, wakapata degedege, na wengine walikufa. Ni sumu kwa mtoto mdogo. Nje ya mwili, kwa mkubwa, sawa. Mdomoni mwa mtoto hapana.

MkungaMstaafu:

Marahaba mwanangu, na ahsante, hujanikatiza. Degedege yenyewe ndio nilikuwa nataka kuifikia. Zamani tuliambiwa ni ndege amepita juu ya nyumba usiku na mtoto akafukizwa. Nami nimefukiza. Nilipokwenda kusomea ukunga nikajua mara nyingi ni malaria imepanda kichwani au homa kali, na yale masaa ya kutafuta ubani na mganga ndio masaa mtoto anaisha. Mtoto akishika degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mbio hospitali. Ukirudi naye mzima fukiza mpaka alfajiri.

Na wewe DadaWaMtwapa majani ya mpera hayana ubaya, ni ukakasi ule unaokaza. Mtu mzima siku mbili, basi, ikiwa hujapona au kuna damu nenda ukaonwe. Ila mtoto anayeharisha hauliwi na kuharisha, auliwa na maji kumuisha. Kabla hujafikiria mpera chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, umnyweshe kidogo kidogo kila akienda. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Ukipata zile pakiti za hospitali bora zaidi.

DadaWaMtwapa:

Ahsante mama Mungu akupe umri. Nimeandika kwa karatasi nabandika jikoni sa hizi.

MtuWaRabai:

Naona mmesema ya mjini mmesahau dawa zenyewe zatoka wapi. Mimi ni mtu wa Rabai, babu yangu alikuwa mganga wa mizizi. Hapo Marikiti na Kongowea mwanunua gamba limefungwa kwa kamba mwaenda zenu, hamjauona mti.

Babu alinifunza kuchimba. Unauzunguka mti kwanza uangalie nani amechimba kabla yako, kama kuna shimo bichi unauacha unatafuta mwingine. Ukichimba unachukua mzizi wa upande mmoja, ule wa kando, haugusi ule mkubwa unaoshuka chini. Ukimaliza unarudisha mchanga unaukanyaga. Gamba unatoa kipande cha urefu wa kiganja, upande mmoja, kwa sababu ukilibambua gamba mzingo mzima mti umeuua, chakula cha mti chapita humo. Babu akisema mti umeutia kitanzi. Sasa hivi nikitembea naona miti imebambuliwa kuanzia chini hadi mtu anapofika kwa mkono, imesimama mikavu. Anayefanya hivo hatarajii kurudi.

Zile kaya zetu, misitu yetu mitakatifu, mwazisikia kwenye habari, misitu 10 ya kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008. Watu wa nje wakaja kuuliza imekuwaje hii misitu imebaki katikati ya mashamba. Imebaki kwa sababu kulikuwa na masharti, hukati mti, hutoki na kuni, huingii bila wazee kujua, na mganga anayetaka mzizi anaomba kwanza. Mkisema finjani mimi naelewa mara moja, msitu nao ulikuwa na finjani yake.

Hata shubiri ya porini, mwaka 1986 rais alitoa amri isivunwe kabisa kwa sababu watu waling'oa mashina yote wakitafuta utomvu wa kuuza nje. Ukitaka shubiri panda kwenye mkebe mlangoni, yaota yenyewe hata usipomwagilia.

MajiYaShubiri:

Sawa nimesoma yote na nimenyamaza kwa sababu kuna mambo sikuwa nayajua hasa hiyo ya watoto. Lakini bado nauliza, kama hii elimu ni ya maana mbona hospitali hawaitumii? Mbona mzungu akishatoa kitu ndani ya jani anakiita chake?

MwalimuBayolojia:

Swali zuri na naomba nilijibu kwa hadithi moja ya kweli. Hii dawa ya malaria tunayopewa sasa, ile ya vidonge vya manjano vya siku tatu, ndani yake kuna dawa iliyotokana na pakanga ya Kichina, artemisia. Aliyeitoa si mzungu, ni mama wa Kichina aitwaye Tu Youyou. Miaka ya sabini mwanzoni yeye na wenzake walipitia maandishi ya zamani ya matabibu wa Uchina. Wakaijaribu pakanga, mara inafanya kazi mara haifanyi. Akarudi kusoma tena yale maandishi, akakuta tabibu wa zamani sana alisema shika jani ulitie kwenye maji kisha ulikamue unywe yale maji. Hakusema uchemshe! Hapo ndio akashtuka kuwa moto wa kuchemsha ndio unaoharibu dawa, akatumia njia isiyo na joto kali, na ikafanya kazi. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Jani wote walikuwa nalo. Iliyokosekana ni namna ya kulitayarisha. Na mwaka 2004 Kenya iliibadilisha dawa yake ya malaria ikachukua hizi zenye artemisini, yaani hiyo dawa ya pakanga, kwa hivyo watu wangapi hapa pwani wamepona kwa sababu mtu mmoja aliandika "kamua" badala ya "chemsha" karne nyingi zilizopita. Msije mkachukua hiyo kama ruhusa ya kunywa chai ya artemisia mkiwa na malaria, WHO haiikubali chai hiyo kwa sababu kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani, unapata kidogo, vimelea vinabaki na vinazoea.

Na kuhusu haki, kuna Sheria ya Afya ya 2017 inayoitambua tiba asili, na kuna ile ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Kwenye karatasi tupo. Ila elimu ambayo haikuandikwa na mwenyewe amefariki sheria haina cha kulinda. Ndio maana huu uzi mimi naupenda.

Bajuni_wa_Mjini:

Na mimi basi nichangie ya nyumbani. Jino likiuma karafuu moja, unaibana hapo hapo kwenye jino usiitafune ovyo, inatia ganzi, lakini jino lililooza litaishia kwa daktari tu. Kichefuchefu tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole kwenye kikombe cha chai. Kivumbasi mamangu huweka dirishani jioni, mbu wanapungua lakini neti twalala nayo. Manjano kwenye maziwa ukitia na pilipili manga kidogo yashika zaidi mwilini. Kipimo cha manjano mamangu asema nusu kijiko cha chai, na mwenye mawe ya nyongo asinywe.

MwanaKibokoni:

Wanangu na wazee wangu, nilikuwa kimya siku tatu nashughulika na shangazi. Ahsanteni wote na mama mkunga shikamoo.

Nimempeleka kliniki nyingine, na safari hii nikaingia naye ndani. Nkamwambia kabla hatujafika, leo tutasema kila kitu. Nkaiweka ile chupa mezani kwa daktari, chupa yenyewe nimeiosha lakini nimeibeba. Daktari mwenyewe kijana, akaishika akaigeuza akauliza, mama ulitia karela ngapi? Shangazi akasema tatu. Na majani? Akaonyesha kwa mkono, ngumi mbili. Hakumgombeza. Akaangalia vidonge vyake, na kweli @DirishaLaDawa ni ile jamii uliyosema. Akamwambia karela kama mboga, imepikwa, na ugali au wali, haina ubaya, ale ila apime sukari kabla na baada na aandike. Ile ya kusaga na mwarobaini aiache. Na asiruke mlo tena maishani mwake. Shangazi akamwambia, kumbe karela nala? Alikuwa na furaha mpaka nikaona haya kwa niaba ya yule daktari wa kwanza.

Sasa ana daftari. Lina safu ya sukari ya asubuhi, safu ya alichokula, na safu ya tatu ameiandika mwenyewe kwa herufi kubwa DAWA ZA MTI, na hapo ataandika chochote hata kama ni tangawizi.

Kisha jana nkapita kwa binamu yangu alikobaki na vyombo vya nyanya. Finjani ipo. Ilikuwa nyuma ya kabati pamoja na kichungi cha kahawa, mstari wa bluu umefifia, lile pengo la ukingoni lipo pale pale. Nikaomba sindano kubwa ya kupimia hapo kemisti nikaijaza maji mpaka pale nyanya alipokuwa akifikisha, kidole kimoja chini ya ukingo. Mililita 70.

Nusu lita ile ya shangazi ni finjani saba na zaidi. Kwa siku moja, bila kula, siku nne mfululizo.

Nimemwandikia hiyo hesabu ukurasa wa kwanza wa daftari. Bado nna maswali mawili kwa mama mkunga, moja ni la mbegu za mzambarau, zile za kukausha na kusaga, zilipimwaje zamani? Na la pili, majani ya mkunazi, sisi twajua ya kuoshea maiti na nywele tu, nyanya alikuwa akiyachemsha pia kwa kitu kingine na sikumbuki ni kitu gani.

MkungaMstaafu:

Mwanangu la mzambarau ntamuuliza dada yangu wa Vanga Ijumaa akija, yeye ndiye aliyekuwa akisaga. La mkunazi nalijua, lakini nitakuandikia kesho mchana mjukuu akirudi skuli, ni refu na lina masharti yake.